Je, Wajua? Ufunguo Hukwama Hata Swichi Ikiwa Nzima

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani yanayopanda na kushuka vilima vya Nyeri, Othaya na Karatina ni ya gia za otomatiki. Kwenye magari hayo, ufunguo hautoki mpaka gia ifike P kikamilifu. Ikipungua hata kidogo, swichi inaung'ang'ania, na dereva hudhani imeharibika.

Dawa yake ni rahisi: akanyage breki, avute breki ya mkono, apeleke gia N, kisha airudishe P hadi mwisho. Katika baadhi ya modeli, betri iliyokufa nayo huuzuia ufunguo, kwa kuwa kifaa kinachouachilia hutumia umeme.

Ufunguo ukikataa kuzunguka, hilo ni jambo jingine. Pengine tairi limeegemea ukingo wa barabara, na kufuli ya usukani imebanwa. General Motors ya Marekani iliweka kufuli hiyo kwenye magari yake ya mwaka 1969 ili kuwazuia wezi. Dereva autikise usukani kushoto na kulia huku akizungusha ufunguo taratibu.

Koleo lisikaribie kabisa! Ufunguo ukikatikia ndani, gharama huongezeka. Tundu la ufunguo likikauka, unga wa grafaiti hufaa kuliko mafuta, ambayo hunasa vumbi.