Mzigo Mzuri Mno

Mpimaji mmoja wa dhahabu mjini Geita huingiwa na wasiwasi pale mzigo unapokuwa mzuri. Akiletewa wa manjano iliyoiva, laini, usio na doa, huuweka kando na kumuuliza mwenyewe: umetoka duara gani, yaani shimo gani la machimbo, umesagwa kwa karasha ya nani, nani aliuchoma? Wahenga walishaonya juu ya uzuri wa mkakasi, lakini kwa mzee huyu onyo hilo ni kazi ya kila siku.

Dhahabu ya kweli, anasema, hutoka motoni ikiwa na sura mbaya. Mchimbaji wa Nyarugusu au Mgusu akishanasa chembe zake kwa zebaki, kisha zebaki ikachomwa ikapaa, kinachobaki ni kitonge chenye vitundu, kilichofifia, pengine cheusi kwa moshi. Ndani yake huwa mna fedha ya asili, kwa hiyo hupauka bila mtu yeyote kuchakachua. Mchanganyiko wa shaba na zinki ukisuguliwa vizuri hukishinda kwa mng'ao.

Hata mwamba una hadaa zake. Katika vilima vya Geita dhahabu hukaa pamoja na piraiti, madini ya chuma na salfa yanayometameta manjano. Piraiti ikigongwa nyundo husagika; dhahabu hutandazika. Uongo na ukweli vimelala jiwe moja tangu kabla ya Wajerumani kufika.

Mzee huamini maji kuliko macho. Juu ya mizani ndogo ya kidijitali huweka kikombe cha maji na kuirudisha namba kwenye sifuri. Kisha huufunga mzigo kwa uzi na kuushusha mpaka uzame wote, ukining'inia bila kugusa popote. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gramu 10 za dhahabu safi husukuma kama gramu 0.52 tu. Ikiwa sehemu 20 katika 100 ni fedha, mizani itasoma karibu 0.60. Shaba iliyochanganywa na zinki hupita 1.1, na hapo mazungumzo yameisha. Ni kanuni ileile ambayo husimuliwa kwamba Archimedes aliitumia kupima taji la mfalme wa Syracuse, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Lakini maji nayo yanaweza kumponza mkweli. Kitonge chenye vitundu huficha hewa. Hewa husukuma maji, namba hupanda, na dhahabu halali huonekana hafifu. Ndiyo maana mzee hataki kupima kabla ya kuyeyusha. Kuna jambo jingine, ambalo alilieleza kwa sauti ya mtu aliyeliona likifanyika: uzi ukilegezwa kidogo tu, mzigo ukaegemea kitako cha kikombe, sehemu ya uzito wake huingia kwenye mizani. Namba hupanda, ubora hushuka, na bei hushuka pamoja nao. Mchimbaji amesimama mbele ya mizani, ameiona namba kwa macho yake, na ameibiwa.

Wapo pia wanaoyashinda maji. Metali iitwayo tangsteni ina uzito unaokaribiana mno na wa dhahabu kwa ujazo uleule. Ikifichwa katikati ya kipande, uzi na kikombe havitaigundua. Asidi nayo hugusa ngozi tu, na hata mashine ya mionzi, ambayo wengi huiheshimu kama hakimu, husoma tabaka jembamba la juu. Mzee hukata, au huyeyusha: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064, ilhali tangsteni huhitaji zaidi ya 3,400, kwa hiyo hubaki ngumu ndani ya chungu.

Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili biashara itoke vichochoroni. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mashine na sheria humlinda zaidi anayejua kinachopimwa. Mnunuzi aliyeuziwa bandia hupoteza fedha na kupiga kelele. Mchimbaji aliyeshushiwa ubora hurudi duarani bila kujua kama kuna kilichopotea. Ni udanganyifu uleule umegeuzwa: kule kibovu kimevishwa uzuri, huku kizuri kimepakwa ubovu.

Nilimuuliza mzee hufanya nini mchimbaji akiomba kipimo kirudiwe. Alisema hurudia, mara moja na bila kununa, kwa kuwa ni haki yake. Na ni wangapi huomba? Wachache, alijibu, kijana mwenye deni la chakula cha wiki nzima huogopa kumuudhi mwenye pesa.

Hesabu ya maji inafundishika kwa nusu saa palepale duarani. Vifaa vyake ni mizani, kikombe na uzi. Kwa nini basi anayeichimba dhahabu awe wa mwisho kufundishwa kuitambua?