Tukagueni, Lakini Kaeni Darasani

Mwalimu wa shule ya msingi Tanzania anatazamwa na wengi. Mwalimu mkuu anapitia maandalio yangu ya masomo. Afisa elimu kata anatokea na pikipiki bila taarifa. Wathibiti ubora wa shule nao wanakuja kutoka wilayani. Juu ya hao upo PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS zilizoanza mwaka 2004. Humo najaza majukumu na utekelezaji wake, kisha msimamizi anaidhinisha na kunipa alama. Hiyo kazi naifanya usiku, kwa simu na bando langu, madaftari ya kusahihisha yakinisubiri.

Wasiotujua husema walimu hawapendi kukaguliwa kwa sababu ni wavivu. Kinachotukera ni kingine. Wapo wakaguzi wanaoishia ofisini: lete azimio la kazi, lete andalio, lete shajara. Wakiona sahihi na tarehe zimekamilika, wanaaga. Darasa langu la tatu lina watoto zaidi ya 80, na wa nyuma hawauoni ubao vizuri. Hilo huwezi kulisoma kwenye shajara.

Alama nazo zina mtihani wake. Mwalimu mkuu anayetupima ndiye huyo huyo anayetuomba tushike zamu na kubaki jioni na watoto. Akimpa mtu alama ya chini, kesho atamtuma kwa uso gani? Mwishowe wote tunakaribiana, anayejituma na anayetegea.

Lakini nimeonja ukaguzi wa maana. Mthibiti mmoja, mama wa makamo, alikaa dawati la nyuma kipindi kizima. Nilikuwa nafundisha kutoa kwa kuchukua. Baada ya kipindi alinifungulia madaftari: 402 kutoa 158, watoto kadhaa wameandika 356.

“Mwalimu, hawa hawachukui. Wanatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, popote ilipo. Warudishe kwenye vijiti, wafunge makumi na mamia kwa mikono yao.”

Wiki hiyo tulifunga vijiti, na wengi wakaanza kupata 244.

Yule mama alinikosoa na sikuona vibaya, maana aliniona nikifanya kazi. Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi ni dogo: kabla ya kuomba shajara, ingieni darasani mkae hadi kengele. Mkiondoka, mniachie jambo moja la kurekebisha. Hapo nitaipokea alama yoyote.