Sura ya 7: Nguvu ya Kasia Hutoka Wapi

Mto Tana una urefu wa kilomita zipatazo 1,000, tangu vyanzo vyake vya Mlima Kenya na Aberdare hadi Kipini. Kutoka Garsen kushuka hadi kijiji cha Ozi, mtumbwi ndio umekuwa mguu wa watu: shambani, sokoni, hospitalini, arusini na mazikoni. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ya mpunga ifike Kau, na kutoka hapo mzigo uende Lamu. Baadaye mto wenyewe ukauacha mlango wake wa zamani, ukaufuata mfereji. Mahali ambapo njia ya mitumbwi imeuhamisha mto mkubwa kuliko yote nchini Kenya panastahili sura nzima katika kitabu cha makasia.

Mtazame Mpokomo, mwenyeji wa kingo za Tana, akivuka maji ya masika. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Ameketi shetri, uso umeelekea omo, kafi mikononi bila kishwara cha kulishikilia. Mkono wa juu unasukuma, wa chini unavuta, kiuno kinajipinda. Miguu haitoi nguvu, kazi yake ni kumtuliza tu chomboni. Mwisho wa kila pigo huzungusha bapa kidogo ndani ya maji, na omo inanyooka, kwa sababu kafi lile lile ndilo usukani. Havuki moja kwa moja. Anapanda kwanza kandokando ya ukingo, kwenye maji malegevu, kisha anauachia mkondo umteremshe hadi pale alipokusudia kushukia. Maji yakipungua, huweka kafi chini na kuchukua upondo. Wakati wote huo jicho linatafuta kiboko.

Mpiga makasia wa Olimpiki anafanya karibu kinyume cha hayo yote. Anaipa mgongo njia anayokwenda. Makasia yamefungwa kwenye vyuma vilivyotokeza nje ya chombo, na kiti chake kinateleza kwenye reli. Akijikunja mbele, magoti hufika kifuani. Akipiga, mapaja ndiyo huanza, mgongo hufuata, mikono humalizia. Miguu ndiyo injini. Ndiyo maana kijana wa Tana mwenye mabega ya kupigiwa mfano anaweza kuingia kwenye chombo kile chembamba akashindwa na mtu mwenye mikono miembamba.

Lakini kuna daraja moja la mchezo huu ambalo injini yake inakaribia ile ya Tana. Linaitwa PR1. Ni la wanamichezo wenye ulemavu wanaotegemea mikono na mabega tu. Kiti hakisogei, mwili umefungwa mkanda, na pembeni kuna maboya mawili ya kuzuia chombo kisipinduke. Chombo chenyewe hakiruhusiwi kuwa chini ya kilo 24. Makasia yaliingia Paralimpiki mwaka 2008 kwa mbio za mita 1,000. Kufikia michezo ya Tokyo zilikuwa mita 2,000, sawa kabisa na za Olimpiki. Kuongeza umbali maradufu kwa watu wasiotumia miguu ni jambo zito, na hawakurudi nyuma.

Katika daraja hilo Ufaransa ina Nathalie Benoit wa Marseille, aliyepata nishani ya fedha London mwaka 2012 na ya shaba Tokyo. Kenya ina Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa. Akiwa na umri wa miaka miwili aligongwa na treni, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole. Alicheza kwanza tenisi ya kiti cha magurudumu, kisha akageukia makasia, na mwaka 2019 akaipata tiketi ya Tokyo katika mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Tunisia. Fikiria vile vidole. Kila pigo la kasia lina hatua mbili za kiganja: kulisimamisha bapa liingie majini, kisha kulilaza lipite hewani bila kukamata upepo. Aliye na vidole vyote huzifanya bila kufikiri. Asiye navyo huzitafutia njia ya kifundo cha mkono, pigo baada ya pigo, mita 2,000. Kwangu mimi huo ni ufundi wa kiwango cha juu, na haujaandikwa vya kutosha.

Kwa hiyo anayetaka kutafuta wapiga makasia wa Paralimpiki Kenya asiishie Mombasa. Kando ya Tana wapo watu wenye ulemavu wa miguu waliokua ndani ya mitumbwi, ambao mikono na mabega yao tayari yamefundishwa na mto. Maji ya kuanzia yapo: ziwa Shakababo, karibu na Ngao, halina mkondo wa kumhangaisha mwanafunzi. Itabidi ajifunze kugeuka, aipe mgongo njia, na kuyaamini makasia mawili yanayokwenda pamoja badala ya kafi moja linalobadilisha ubavu. Kuacha kuangalia mbele ndiko kutakakomchukua muda mrefu zaidi, maana Tana imemfundisha kwamba asiyeangalia mbele hukutana na kiboko.