Sport-Express Halikubadili Jina

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu gazeti la michezo la Urusi: "Sport-Express liliitwaje enzi za Wasovieti?" Hadi 1991 halikuitwa kitu, kwa sababu halikuwapo. Nimeshalijibu swali hili kwa wanafunzi, kwa wafasiri, hata kwa watangazaji wa michezo. Leo naliandika ili nipumzike.

Uvumi wenyewe ni huu: dola ilipoanguka, Sovetsky Sport, gazeti la michezo la serikali, lilivua jina la zamani likavaa la Sport-Express, kama Leningrad ilivyorudia kuitwa Saint Petersburg. Hadithi tamu. Kasoro yake moja tu: Sovetsky Sport halikwenda popote. Liliendelea kutoka kwa jina lilelile miaka mingi baada ya Usovieti kuzikwa, likigombea wasomaji na hilohilo Sport-Express. Tangu lini gazeti likajigombania wateja na lenyewe? Wala magazeti mengine ya Kisovieti, Izvestia na Komsomolskaya Pravda, hayakubadili majina. Dola kufa ni jambo moja, gazeti kubatizwa upya ni jingine.

Kilichotokea ni watu kuhama. Sheria ya magazeti ya 1990 ilifuta udhibiti wa serikali na kufungua mlango kwa wasio serikali kuanzisha magazeti. Mwaka 1991 kundi la waandishi wa Sovetsky Sport likatoka, likaanzisha lao, mhariri mkuu akiwa Vladimir Kuchmiy, aliyeliongoza hadi alipofariki 2009. Toleo la kwanza lilitoka Agosti. Dola ilivunjwa Desemba. Yaani mtoto kazaliwa kabla ya msiba anaodaiwa kuurithi! Watoto wakihama kwa baba wakajenga kwao, nani husema nyumba ya baba imebadilishwa jina?

Jina kubadilishwa kulikuwapo kweli, ila 1946: Krasny Sport, lililoanza 1924, ndilo lililogeuka Sovetsky Sport. "Krasny" ni nyekundu, rangi ya mapinduzi. Wavumishaji wameokota tukio la kweli, wakalisogeza mbele miaka 45, wakambandika jirani.

Una kipande cha gazeti mkononi? Kabla ya 1946, andika Krasny Sport. Kuanzia hapo hadi kabla ya 1991, Sovetsky Sport. Baada ya hapo usikisie, tazama kichwa cha gazeti: neno СПОРТ likiwa la kwanza, ni Sport-Express, likiwa la pili, ni Sovetsky Sport. Huhitaji kujua Kirusi. Unahitaji macho.