HESABU ZA UWANJANI (Sehemu ya 3): Kitabu cha takwimu, kununua au kuacha?

Mwalimu mmoja wa michezo katika shule ya sekondari mjini Kitengela ameniletea swali ambalo nimeona linastahili sehemu nzima ya mfululizo huu. Anafundisha wanariadha chipukizi na hupita Nairobi kila anapopata nafasi kupekua vitabu vya mitumba kando ya barabara. Huko alikuta kitabu kinene cha takwimu za riadha cha mwaka mmoja uliopita, zaidi ya kurasa 500, maandishi yake madogo kama sisimizi. Anauliza: mtu atoe pesa zake kwa kitabu hiki ili iweje, na takwimu zote ziko kwenye simu?

Kama anachotaka ni kujua nani anaongoza dunia msimu huu, asinunue. Tovuti ya Shirikisho la Riadha Duniani hutoa orodha hizo bila malipo, na matokeo ya Jumamosi usiku huwa yameshaingia Jumapili asubuhi. Kitabu hutoka miezi kadhaa baada ya msimu kwisha, na kikisafirishwa kutoka Ulaya hadi Kitengela, msimu mwingine huwa umeshaanza. Kwa habari mpya, bando la siku moja linakishinda kwa mbali.

Wamarekani walipambana na swali hili mapema kwa sababu ya besiboli, mchezo ambao mashabiki wake wanapenda hesabu kuliko wa mchezo wowote ninaoujua. Mwaka 1969 kampuni ya Macmillan ilichapa ensaiklopidia ya besiboli yenye kurasa zaidi ya 2,000. Toleo lake la kumi, la 1996, likawa la mwisho. Mwaka 2000 Sean Forman akaanzisha tovuti ya Baseball-Reference, na tarakimu zile zile zikapatikana bure. Vitabu vilivyokuwa na tarakimu tupu vikafa kimoja baada ya kingine. Lakini tazama kitabu cha aina nyingine. Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya mikebe huko Kansas, alitengeneza kijitabu chake mwenyewe mwaka 1977 na kuuza nakala 75 hivi. Miaka mitano baadaye kilikuwa kikichapwa na kampuni kubwa na kusomwa nchi nzima. Tarakimu za mechi zilikuwa magazetini kila asubuhi. Walichokinunua wasomaji wake ni maswali aliyoziuliza tarakimu hizo.

Sisi besiboli hatuna, tuna riadha. Wenzake Bill James wa riadha walikutana Brussels mwaka 1950, wakati wa mashindano ya ubingwa wa Ulaya, wakaunda chama cha kimataifa cha watakwimu wa riadha, ATFS kwa kifupi. Mwitaliano Roberto Quercetani alikuwa miongoni mwao. Kitabu chao cha kwanza cha mwaka kilitoka 1951, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mhariri wake akawa Mwingereza Peter Matthews, aliyekaa kwenye kazi hiyo kwa miongo mitatu na zaidi. Wengi wao walikuwa wapenzi wa mchezo waliofanya kazi ya kujitolea, wakiandikiana barua kutoka nchi hadi nchi kutafuta matokeo ya mikutano ambayo hakuna gazeti lililoyachapa kikamilifu.

Tufungue ukurasa mmoja: mita 800 wanaume, msimu wa 2012. Kileleni yupo David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, kwa 1:40.91, rekodi ya dunia aliyoiweka katika fainali ya Olimpiki ya London tarehe 9 Agosti. Anafuata Nijel Amos wa Botswana kwa 1:41.73 katika mbio hizo hizo. Mtu wa mwisho katika fainali ile, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali za Sydney, Athens na Beijing. Simu itakupa haya yote. Lakini shuka kidogo kwenye muda mwingine wa Rudisha wa mwaka huo: 1:42.12, Nairobi, 23 Juni, majaribio ya timu ya taifa. Kando ya tarakimu hizo kuna herufi moja, A.

Herufi hiyo inamaanisha kwamba uwanja uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwa mkimbiaji wa mita 100 huo ni msaada, kwa sababu upinzani wa hewa unapungua na mbio zinakwisha kabla ukosefu wa oksijeni haujauma. Kwa mkimbiaji wa 800 kwenda juu ni mzigo. Kwa hiyo A ile ile inamshusha mmoja na kumpandisha mwingine. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 Kasarani tarehe 18 Septemba 2021, akaweka rekodi ya Afrika, muda wake uliandikwa na A, na upepo wake, 1.2, ulikuwa ndani ya kikomo cha mita 2.0 kwa sekunde. Ni rekodi halali kabisa. Ila anayeilinganisha na muda wa mtu aliyekimbia ufukweni lazima aione hiyo A kwanza. Rudisha naye, kwa 1:42.12 ya Nairobi, alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu linakaribia la London, na asiyejua kusoma herufi ataupita muda huo bila kugeuka.

Kwa mwalimu wetu, aliye katika kaunti ya Kajiado, jambo hili liko mlangoni. Kitengela iko takriban mita 1,500 juu ya bahari na mji wa Kajiado uko juu zaidi, kwa hiyo muda wa kijana wake unastahili A. Lakini akiwapeleka vijana hao hao Magadi, kusikofika hata mita 700, herufi inaondoka. Kaunti ni moja, ila daftari lake litahitaji mafungu mawili.

Kisha kuna stopwochi. Anayepima kwa mkono husubiri kuona moshi au kusikia mlio, na kidole chake huchelewa. Kwenye utepe hachelewi, kwa sababu anamwona mkimbiaji akija na kidole kiko tayari. Matokeo yake muda hutoka mfupi kuliko ulivyokuwa. Watakwimu wamekubaliana kwamba ili kuulinganisha na wa mashine, uongezewe sekunde 0.24 katika mita 100 na 200, na 0.14 katika 400. Tangu 1977 rekodi ya dunia katika mbio hizo haikubaliwi bila mashine ya umeme. Zaidi ya hapo, muda wa mkono huandikwa kwa sehemu za kumi tu, na hupandishwa, haushushwi: stopwochi ikionyesha 10.91, andika 11.0. Ukitaka kuulinganisha na orodha za kimataifa, uhesabu kama 11.24. Najua vijana wengi waliowahi kuambiwa wana 10.9 na wakaenda Nairobi wakarudi wamenyong'onyea. Kasi yao haikuwa imepungua hata kidogo, ni mashine tu iliyowapima. Kitabu cha takwimu huweka muda wa mkono katika orodha yake peke yake, na ukikaa nacho jioni mbili tatu, tofauti hiyo inakuingia bila kufundishwa.

Barabara nazo zina mambo yake. Aprili 2011 Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa 2:03:02, wakati rekodi ya dunia, ya Haile Gebrselassie, ilikuwa 2:03:59. Huku nyumbani watu walilalamika kwamba Mkenya ameibiwa. Hakuibiwa. Njia ya Boston huanzia mahali pamoja na kuishia mbali sana na hapo, tena huteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa rekodi, na siku ile upepo ulikuwa mgongoni. Watakwimu waliuhifadhi muda wa Mutai, wakautenga na ule wa njia zinazokubalika. Mimi naona hiyo ni heshima kuliko kuuchanganya na ule wa Gebrselassie kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna pia tatizo la majina, na hapa Kenya ndiyo mfano wake mkubwa. Paul Koech wako wawili. Paul Malakwen Koech, aliyezaliwa 1969, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1998. Paul Kipsiele Koech, wa 1981, ni wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na alipata shaba Athens 2004. Andika "P. Koech, Kenya" na umeunda mtu mmoja anayeweza kila kitu. Watakwimu huwatenganisha kwa tarehe ya kuzaliwa na jina la kati. Mwalimu anayesajili wanafunzi kwa jina moja na jina la ukoo pekee anatengeneza vurugu ile ile, maana katika Kajiado nzima akina Saitoti na Leteipa wako wangapi?

Hoja inayonishawishi zaidi ni kwamba karatasi haibadiliki. Rita Jeptoo alishinda Boston 2014 kwa 2:18:57. Oktoba 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimwongezea adhabu ya dawa za kusisimua misuli na kufuta matokeo yake tangu Aprili 2014, na ushindi ukamwendea Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekimbia 2:19:59. Tovuti ikarekebishwa, kama inavyopaswa. Lakini kitabu kilichochapwa 2015 hakingeweza kujua uamuzi huo, na kwa hiyo kinatuonyesha dunia iliamini nini wakati ule. Anayetaka ukweli wa leo atumie tovuti. Anayetaka kujua tulivyodanganyika, na kwa muda gani, anahitaji nakala ya zamani. Au mchukue Ruth Chepngetich, aliyekuwa akifanyia mazoezi Ngong, kaunti hii hii ya Kajiado. Chicago, Oktoba 2024, alikimbia 2:09:56. Mwaka uliofuata alifungiwa miaka mitatu, na yaliyofutwa ni matokeo ya kuanzia Machi 2025. Muda wa Chicago ukabaki kwenye orodha. Orodha ya simu itakuonyesha tarakimu na nafasi ya kwanza. Mhariri mwenye uangalifu anaweza kuweka mstari mmoja chini yake, na msomaji akajua anachokisoma.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hili. Toleo jipya kila mwaka, hapana. Bei yake ya Uingereza ilikuwa ikizunguka paundi 20, na gharama ya posta inaweza kukaribia nyingine kama hiyo. Kwa shule inayokimbia kwenye nyasi, fedha hizo zinunue futi ya utepe na stopwochi mbili. Toleo moja la miaka ya karibuni, la mitumba, ndiyo, kwa ajili ya kujifunza kusoma herufi. Na matoleo ya zamani, hasa ya kabla ya intaneti, nunua kila unapoyaona, kwa sababu orodha za misimu ya miaka ya 1970 na 1980 kwenye tovuti zina mapengo. Lile lenye msimu wa 1978 likitokea, usilipite: ndio mwaka Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, kuanzia 5,000 huko Berkeley tarehe 8 Aprili hadi 3,000 huko Oslo tarehe 27 Juni, na katikati viunzi na maji kule Seattle na 10,000 kule Vienna.

Kuna jambo ambalo hutalikuta katika toleo lolote. Tangu 2012, katika hifadhi ya Kimana upande wa Loitokitok, hufanyika Olimpiki za Kimaasai, zilizoanzishwa kwa ushirikiano wa wazee na shirika la Big Life ili morani wapate sifa uwanjani badala ya kuitafuta kwa kuua simba. Rudisha amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Wanakimbia 200, 800 na 5,000, wanarusha mkuki na rungu, wanaruka juu wima kama katika ngoma ya adumu, kichwa kikilenga kamba. Watakwimu wa Ulaya hawana safu ya rungu, na mbio za nyasini zilizopimwa kwa mkono haziwezi kukaa katika orodha zao hata kama mkimbiaji ni hodari. Siwalaumu. Wao waliweka masharti yao wazi, na kuyaandika hayo ya Kimana ni kazi yetu.

Mwalimu anaweza kuanza na daftari la kurasa 200. Safu ya kwanza jina kamili, majina matatu. Ya pili tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, na kama cheti kina mwaka tu, aandike mwaka tu, asibuni Januari mosi. Ya tatu muda, kwa sehemu za kumi. Ya nne mahali na tarehe. Ya tano iachwe nyembamba, ya herufi: A kwa Kitengela, Kajiado, Bissil na Kimana, tupu kwa Magadi, na alama nyingine kwa siku ambayo upepo wa tambarare ulikuwa mgongoni na hakuna kifaa cha kuupima.