Si Kila Kosa ni la Sikio: Fonetiki na Upimaji wa Usikivu Kwale

Fonetiki ni nguzo ya taaluma ya usikivu. Irabu zina nguvu nyingi, hasa katika masafa ya chini. Kikwamizo /s/ hutegemea masafa ya juu, ambayo uzee huyadhoofisha kwanza. Hivyo, mzee wa Diani aweza kusikia sauti asipambanue neno.

Hata hivyo, si kila kosa ni la sikio. Katika Kimvita, kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, kaa la moto bila mpumuo. Tahajia haiwatofautishi, wala wasemaji wengi wa bara. Mpimaji kutoka bara akitamka "kaa" huko Msambweni akikusudia mnyama, naye Mmvita akaonyesha picha ya kaa la moto, msikilizaji huyo amesikia barabara. Basi, orodha za maneno ya kupimia ziandaliwe kwa kuzingatia lahaja.