Kozi ya Mwanao Imeandikwaje Kwenye Mkataba?

Msimu wa barua za kujiunga na vyuo ukifika, saiba za Gede hujaa. Mzazi kutoka Dabaso au Mijomboni husimama nyuma ya mwanawe huku karatasi zikitoka kwenye printa moja moja, na macho yake hukimbilia ukurasa wa karo. Ana haki. Karo hiyo ndiyo korosho na maembe ya mwaka mzima, na mara nyingi ni harambee ambayo ukoo wote umechangia. Lakini kuna jambo zito kuliko karo ambalo barua ile hailiweki wazi: kisheria, kozi yenyewe ni nini? Nani ameiidhinisha, inasomewa wapi, itachukua muda gani, na cheti kitatoka kwa jina la nani?

Nyuma ya kozi nyingi upo mkataba ambao mwanafunzi hakuutia sahihi. Chuo kimekubaliana na chuo kingine, au na hospitali, au na taasisi ya utafiti, au na mfadhili. Kurasa za mwanzo za mikataba hiyo huwa na sehemu ya tafsiri, na humo utakuta sentensi ya aina hii: “Programu” maana yake ni kozi zilizoorodheshwa katika Kiambatisho A, kama zitakavyorekebishwa na Chuo mara kwa mara.

Isome tena polepole. Nusu ya kwanza haina ubaya, mradi Kiambatisho A kimejazwa sawasawa. Kiambatisho chenye majina ya kozi peke yake hakijafafanua chochote. Kinatakiwa kutaja ngazi ya cheti, muda wa masomo, masomo ya lazima, na saa za kufundishwa pamoja na namna zinavyohesabiwa, maana kwa vigezo vya vyuo vikuu vya Kenya saa moja ya mhadhara ni sawa na saa tatu za maabara. Nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Inauachia upande mmoja uhuru wa kubadilisha kitu ambacho pande zote zimekubaliana. Chuo kikipunguza maabara, kikihamisha masomo hadi mji mwingine au kikiunganisha kozi mbili kuwa moja, kitasema mkataba haujavunjwa, na kwa maandishi yale kitakuwa kimesema kweli.

Mfano wa ufafanuzi uliofanya kazi tunao hapa karibu. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilianzia kwenye taasisi ya kilimo. Mwaka 2007 serikali ikakifanya chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Januari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Katika miaka ile ya katikati, kijana wa Gede alisoma Kilifi, akafundishwa na walimu wanaoishi Kilifi, lakini digrii yake ilitolewa na Kenyatta, ambacho makao yake yako Kahawa, Nairobi. Hapakuwa na hila. Uhusiano wa vyuo hivyo viwili uliwekwa kwa tangazo rasmi la serikali, na aliyetaka kujua cheti ni cha nani aliweza kujua tangu siku ya kwanza.

Mpango wa utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza, ulioanza Kilifi mwaka 1989, umekwenda mbali zaidi. Baadhi ya watafiti wake wamesomea shahada ya uzamivu wakiwa wamesajiliwa na Open University ya Uingereza, yenye makao Milton Keynes, huku malaria wanayoichunguza ni ya watoto wa pwani hii. Masomo ya namna hiyo hayasimami bila maandishi makini. Msimamizi ni nani? Watahini huteuliwa na nani? Takwimu na sampuli ni mali ya nani? Mwanafunzi akikosana na msimamizi wake, rufaa anaipeleka Kilifi au Uingereza?

Ufafanuzi ukikosekana, hasara humwangukia asiyekuwapo mezani. Wahandisi wetu wanalijua hili kwa uchungu. Wahitimu wa uhandisi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Egerton, walimaliza miaka yao ya masomo, wakafaulu, wakavaa majoho. Walipokwenda kujisajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikawaambia haizitambui digrii zao. Chuo kiliamini kina mamlaka ya kufundisha kozi ile, na bodi iliamini ina mamlaka ya kuikataa. Wahitimu 107 wakaipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikawapa haki. Fikiria umri wa kijana unavyokwenda wakati faili linapanda kutoka mahakama moja hadi nyingine, na wazazi waliouza shamba wanaulizwa na majirani mbona mhandisi wao hana kazi.

Mwaka 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa ili Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iwe peke yake yenye mamlaka ya kuidhinisha programu za vyuo vikuu. Ni hatua nzuri, lakini kuidhinishwa kwa kozi ni jambo moja na kusajiliwa kwa mhitimu katika taaluma yake ni jambo jingine, na usajili bado unafanywa na bodi za taaluma. Mkataba unaotaja idhini ya Tume na kunyamaza kuhusu usajili umemwacha mwanafunzi nusu ya safari.

Mafunzo ya vitendo nayo huandikwa kwa juu juu. Chukua magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Ni darasa ambalo chuo chochote cha akiolojia au utalii kingelitamani. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948. Lakini eneo lile liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na hakuna anayechimba wala kubeba kigae bila kibali. Kwa hiyo mkataba wa kozi ukisema tu kwamba mwanafunzi “atapata mafunzo ya uwandani”, haujasema kitu. Useme ni wapi, kwa wiki ngapi, chini ya usimamizi wa nani, nani analipia chakula na bima, na alama zake zinaingia vipi kwenye matokeo. Vinginevyo mwanafunzi atajikuta anazunguka ofisi za Malindi na Watamu na bahasha mkononi akiomba nafasi ambayo karo yake ilikwishailipia.

Kipengele kinachonigusa zaidi ni cha kuvunjika kwa mkataba wenyewe. Washirika wanaweza kuachana: mfadhili akaondoka, chuo kikafunga bewa. Mkataba wa haki hutamka kwamba waliokwisha kuandikishwa watafundishwa hadi wamalize kozi ileile, na cheti kilekile. Ahadi hiyo ikikosekana, aliye mwaka wa tatu hana cha kushika.

Ninachodai kutoka kwa vyuo ni ukurasa mmoja zaidi. Kila barua ya kujiunga iambatane na ufafanuzi wa kozi kama ulivyo kwenye mkataba: jina kamili, mtoaji wa cheti, idhini ya Tume na tarehe yake, bodi ya taaluma itakayomsajili mhitimu, mahali pa masomo, na haki ya kumaliza. Uandikwe pia kwa Kiswahili ambacho mzazi wa Mijomboni atakisoma mwenyewe, na uwe na sahihi ya chuo chini yake, ili siku ya mgogoro uwe ushahidi mbele ya hakimu.

Mpaka hapo, mwenye barua mkononi aanze na nambari ya kozi yenye tarakimu 7 ambayo KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huitumia. Alinganishe jina la kozi lililo kwenye nambari hiyo na lile lililo kwenye barua, neno kwa neno, kisha aliulizie kwa Tume kama limeidhinishwa kwa chuo hicho. Majina yakitofautiana hata kwa neno moja, aandikie ofisi ya msajili wa chuo na adai jibu la maandishi kabla ya kwenda benki.